RUFANI SI UASI
Neno kwa waamini na viongozi walei kuhusu mgeni aliyenyimwa hifadhi



Wilaya yetu ya Same iko njiani. Mashariki ya milima ya Upare zimetandazwa mbuga za Mkomazi, zinazopakana na Tsavo ya nchi ya Kenya. Magharibi yake hupita barabara kuu itokayo Moshi kwenda Tanga na Dar es Salaam. Kwa miaka mingi njia hizi zimepitiwa na vijana kutoka Ethiopia na Somalia, wengi wao wakielekea kusini mwa Afrika. Wengine hukamatwa vichakani wakiwa wamechoka kwa njaa na kiu, wengine hukutwa wamefichwa ndani ya malori. Magazeti huandika kwamba wamekamatwa wahamiaji haramu, husoma idadi yao, na habari huishia hapo.

Neno hilo "haramu" ndilo linalotusukuma kuandika. Likishatamkwa, masikio hufungwa. Haulizwi tena mtu huyu amekimbia nini. Na hata yule aliyebahatika kuulizwa, akaomba hifadhi ya ukimbizi na kukataliwa, husemwa ya kuwa mambo yake yamekwisha: Serikali imenena, aondoke. Akithubutu kuomba shauri lake lisikilizwe upya, huonekana mkaidi, mjanja, au mtu asiye na shukrani kwa nchi iliyompa maji ya kunywa.

Sisi twasema kinyume. Rufani si uasi. Kumwondoa mtu nchini kabla hajasikilizwa na mwingine, asiye yule aliyemkataa mara ya kwanza, ni kuhukumu nusu nusu. Na hukumu ya nusu haifai kumrudisha mtu mahali anaposema atauawa.

SHERIA YETU INASEMA NINI

Ni vema waamini wajue kwamba Tanzania si nchi isiyo na sheria katika jambo hili. Ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hapo mwaka 1964, na mwaka 1975 ikaridhia mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969. Mikataba hiyo yakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake umo hatarini. Mkataba ule wa 1951 wasema pia kwamba mkimbizi aliyetoka moja kwa moja katika hatari, akajitokeza upesi na kujieleza, asiadhibiwe kwa sababu tu ameingia bila kibali. Nao Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, katika ibara ya 12, wampa kila anayeteswa haki ya kutafuta na kupata hifadhi katika nchi nyingine.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka mwomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu kuingia nchini. Ajitokeze kwa nani? Sheria ilitaja ofisa anayehusika, mlinzi wa amani, na pia Mtendaji wa Kijiji. Zingatieni jambo hilo, ndugu zangu. Mlango wa kwanza wa hifadhi haukuwekwa Dar es Salaam wala Dodoma. Uliwekwa kijijini: Kisiwani, Ndungu, Kihurio. Mtendaji ambaye hajui kwamba sheria imemtaja hawezi kuufungua, naye mgeni asiyejua kwamba mlango upo hawezi kuubisha. Hivyo siku saba hupita vichakani, na baadaye mgeni yuleyule huambiwa amechelewa.

Baada ya hapo shauri hufika mbele ya kamati ya taifa ya maofisa wa Serikali, wanaomhoji mwombaji na kutoa mapendekezo yao kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Waziri ndiye mwenye kauli. Aliyekataliwa na asiyeridhika aliwekewa na sheria hiyo njia ya kuomba uamuzi upitiwe tena. Lakini maombi hayo hupelekwa kwa nani? Kwa Waziri huyo huyo.

Wahenga walituonya tusimpelekee nyani kesi ya ngedere. Hatumfananishi kiongozi yeyote wa nchi na mnyama. Tunaonya juu ya utaratibu. Hata mtu mwadilifu kabisa ni shida kwake kuipima kazi ya mkono wake mwenyewe. Mwalimu hamwachi mwanafunzi ajisahihishie mtihani, wala mweka hazina wa parokia hajikagui hesabu zake, japo tunamwamini. Kama tunadai mkaguzi mwingine kwa ajili ya sadaka za Jumapili, tunawezaje kumnyima mkaguzi mwingine mtu ambaye roho yake imo mizanini?

Jirani zetu wamekwisha kulitambua jambo hili. Uganda, katika sheria yake ya mwaka 2006, na Kenya, katika sheria zake za mwaka 2006 na 2021, ziliweka chombo cha rufani kilicho mbali na wale wanaotoa uamuzi wa kwanza. Hatusemi kwamba huko hakuna upungufu. Twasema kwamba jambo hili lawezekana katika nchi maskini kama yetu.

Tena Katiba yetu wenyewe, katika ibara ya 13(6)(a), yaeleza kwamba haki za mtu yeyote zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo anayo haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Neno lililotumika ni "mtu yeyote". Katika jambo hili Katiba haikumtaja raia peke yake.

WASEMAVYO WAPINZANI

Wa kwanza husema: amekataliwa, basi ni mwongo. Ndugu, mtu hukataliwa kwa sababu nyingi zisizo uongo. Chukueni mfano wa kijana wa Ethiopia. Kwao mwaka una miezi kumi na mitatu, na hesabu ya miaka yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Tena saa zao huhesabiwa kama tunavyohesabu sisi Waswahili: saa tatu ya asubuhi ni saa tatu tangu mapambazuko. Sasa maneno yake yafasiriwe kwanza katika Kiingereza, kisha yaandikwe katika faili. Tarehe moja ikikosewa, saa moja isipobadilishwa, tayari maelezo yake ya leo hayapatani na ya jana, na aliyechanganya si yeye. Pengine mkalimani ametafutiwa Kiamhari, kumbe lugha ya mama yake ni Kihadiya au Kioromo. Au ni mwanamke aliyenajisiwa, naye amekalishwa mbele ya wanaume wasiomjua. Atawezaje kuyasema yote siku ya kwanza? Rufani ipo kwa ajili ya kasoro za namna hiyo. Ni nafasi ya kuuliza: Je, tulimwelewa?

Wa pili husema: hawa wanatafuta kazi tu. Wengi wao, naam. Hatufichi. Lakini je, wote? Vita vya Tigray vilivyoanza Novemba 2020 vilidumu hadi mapatano ya Pretoria ya Novemba 2022, navyo viliua watu wengi mno. Katika lori moja aweza kuwamo anayetafuta riziki na anayekimbia bunduki, na nyuso zao hazina tofauti. Asemaye kwamba wote ni watafuta kazi hana budi kuwa mtu wa kwanza kudai usikilizaji kamili, kwa maana hakuna njia nyingine ya kuwatenganisha. Serikali nayo hufaidika: asiyestahili hifadhi, akiisha kusikilizwa mara mbili kwa haki, hurudishwa bila dhamiri ya mtu yeyote kusutwa.

Wa tatu husema: nchi yetu imekwisha kubeba mzigo mkubwa. Hili ni kweli, na asiyelikiri si mkweli. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Wilaya ya Ngara ilikatwa miti yake, mashamba yakakanyagwa, na mataifa tajiri yaliyotupongeza yalichoka kabla yetu. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa yale taifa hili lililowatendea wakimbizi. Mwaka 2014 uraia ulitolewa kwa Warundi zaidi ya 160,000, wale waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao. Na hapa jirani, Chogo katika mkoa wa Tanga, walipokewa Wazigua kutoka Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19; vita vya Somalia viliwarudisha katika nchi ya asili yao, wakapewa ardhi na hatimaye wengi wao wakapewa uraia.

Lakini mzigo huo haujibu swali letu. Mwezi Machi 1995 mpaka wa Burundi ulifungwa, na Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa kurudi kwao kabla mwaka haujaisha, wote kwa pamoja, bila kila mmoja kuulizwa habari yake. Na Januari 2017 ulikoma utaratibu wa kuwatambua Warundi kwa jumla wanapoingia. Tangu hapo kila mmoja alitakiwa kujieleza peke yake. Ikiwa sasa twamtaka kila mtu ajitetee peke yake, basi na tumpe vyombo vya kujitetea: sababu za kukataliwa kwa maandishi, lugha anayoielewa, muda, na msikilizaji mwingine. Kumwondolea mtu kinga ya kundi, kisha kumnyima rufani ya mtu mmoja, ni kumvua shuka na blanketi usiku mmoja.

Wa nne husema: rufani ni gharama, tena huchelewesha. Twajibu: pimeni kosa. Faini iliyotozwa kimakosa hurudishwa. Shamba lililonyang'anywa hurudishwa. Aliyepelekwa kwa watesi wake kimakosa harudishwi na barua ya kuomba radhi. Kwa hiyo yatupasa pia kudai kwamba mtu asiondolewe nchini wakati rufani yake haijaamuliwa. Vinginevyo tutamsikiliza maiti.

MAKOSA HUTOKEA, HATA KWA WENYEJI

Yuko atakayesema kwamba maofisa wetu hawawezi kukosea kiasi hicho. Basi na aisome kesi ya Anudo dhidi ya Tanzania, iliyoamuliwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha tarehe 22 Machi 2018. Mtu huyo, mzaliwa wa mkoa wa Mara, alikwenda kituo cha polisi mwaka 2012 kwa ajili ya taratibu za ndoa yake. Hati yake ya kusafiria ikashikwa kwa kutiliwa shaka. Mwaka 2014 alifukuzwa kupelekwa Kenya. Kenya nayo ikamkataa. Akabaki kuishi katika kipande cha ardhi kisicho cha nchi yoyote, pale mpakani Sirari. Mahakama iliamua kwamba alinyang'anywa uraia kinyume cha haki, alifukuzwa kinyume cha haki, na hakupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Ikaiagiza nchi yetu kurekebisha sheria ili mtu wa namna hiyo apate pa kulalamikia.

Ikiwa hayo yalimpata aliyezaliwa hapa, mwenye ndugu na jirani wa kumshuhudia, je, mgeni asiye na shahidi hata mmoja? Nao uchungu wa kuomba hifadhi si mgeni kwetu. Baada ya mauaji ya Januari 2001 huko Zanzibar, Watanzania zaidi ya 2,000, wengi wao kutoka Pemba, walivuka bahari wakapokewa Shimoni katika pwani ya Kenya. Siku zile tuliwataka Wakenya wawasikilize wenzetu.

UPARE INAJUA MAANA YA RUFANI

Watu wa milima hii hawahitaji kufundishwa na wageni jambo hili. Wazee wetu waliishi habari za mbiru. Katika miaka ya 1940 utawala wa Kiingereza uliongeza juu ya kodi ya kichwa kodi nyingine, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Wakadiriaji walikaa na kuamua nani ana nini. Mwenye kukadiriwa hakuelezwa kipimo kilichotumika. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi hapa Same, makao ya wilaya, wakakaa wakidai kusikilizwa. Hawakuchoma boma wala kumwaga damu. Waliandika barua, walitafuta mwanasheria, walipeleka malalamiko yao juu ya kichwa cha yule aliyewakatalia. Mwaka 1946 wanawake nao waliandamana kwa ajili ya waume zao. Hatimaye kodi ile iliondolewa.

Wakoloni waliwaita wakaidi. Sisi twawaita mashujaa. Basi tuwe na moyo mmoja: tusimsifu babu aliyekataa uamuzi usio na maelezo, kisha tumkemee mgeni anayefanya vivyo hivyo akiwa peke yake, bila maelfu nyuma yake. Tena koo nyingi za Upare husimulia kwamba asili yao ni Taita, ng'ambo ya mpaka tunaoulinda leo. Hakuna aliyewaomba babu zetu kibali.

PAULO MBELE YA FESTO

Maandiko Matakatifu hayatuachi gizani. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 25, Mtume Paulo anasimama mbele ya liwali Festo. Anatakiwa apelekwe Yerusalemu, mahali ambapo watu wamekwisha kumvizia wamwue. Paulo hanyamazi kwa kisingizio cha unyenyekevu. Anakata rufani kwa Kaisari. Naye Festo, mpagani, anakiri mambo mawili: kwamba si desturi ya Warumi kumtoa mtu kabla hajapewa nafasi ya kujitetea, na kwamba haifai kumpeleka mfungwa bila kueleza sababu zake. Na zaidi ya yote, baada ya rufani kukatwa, Paulo harudishwi Yerusalemu.

Tazameni basi: sababu za uamuzi kuelezwa, nafasi ya kujitetea, msikilizaji aliye juu zaidi, na kutokurudishwa wakati rufani ingali hai. Yote manne tunayoyadai leo yalikuwako katika dola ya Kirumi. Itakuwa aibu taifa lenye Wakristo na Waislamu wamchao Mungu lipungukiwe na haki aliyoitoa Festo.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwa watunga sheria twadai: kiundwe chombo cha rufani cha wakimbizi kisichokuwa chini ya mkono wa anayeamua kwanza, aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi na kufafanuliwa katika lugha yake, na asiondolewe nchini mpaka rufani yake imalizike.

Kwa viongozi walei na jumuiya zetu za vijiji vya kandokando ya Mkomazi na vya barabarani, twaagiza hivi:

1. Mgeni akionekana, apewe maji na chakula kwanza. Kisha aulizwe swali moja: Je, unaogopa kurudi kwenu, na kwa nini?

2. Asifichwe wala asisafirishwe kwa siri. Wanaofanya hivyo kwa malipo ni wafanyabiashara wa roho za watu: Juni 2012 watu zaidi ya 40 walikutwa wamekufa huko Chitego, wilaya ya Kongwa, baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Akisema anaogopa, aongozwe waziwazi hadi kwa Mtendaji wa Kijiji au mlinzi wa amani, akiwa na shahidi, na tarehe iandikwe.

3. Aliyekataliwa aambiwe asitie sahihi wala dole gumba katika karatasi asiyoielewa. Aombe nakala ya uamuzi, aandike siku aliyoupokea, na maombi yake ya mapitio yapelekwe kwa maandishi bila kuchelewa, naye abaki na nakala. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lijulishwe.

4. Parokia zitafute wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua, na watu wanaojua lugha za wageni hao. Mkalimani mmoja mwaminifu aweza kuokoa maisha kuliko hotuba kumi.

5. Watembelewe walio gerezani. Wapo waliomaliza vifungo vyao wakabaki ndani kwa kukosa nauli ya kurudishwa makwao. Na huenda miongoni mwao yupo ambaye hakuulizwa lile swali la kwanza.

Ndugu wapendwa, Bwana wetu alipokuwa mtoto mchanga alivushwa mpaka usiku kwenda Misri, akikimbia mfalme aliyetaka kumwua. Hatusomi popote kwamba Misri ilimwomba Yosefu vyeti. Na siku ya mwisho hatutaulizwa kama tulikuwa na hakika ya kila neno la mgeni. Tutaulizwa kama tulimkaribisha.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Je, Mtendaji wa kijiji chetu anajua kwamba sheria imemtaja kuwa mpokeaji wa mwomba hifadhi? Nani kati yetu atakwenda kuzungumza naye, na lini?

2. Katika kikao cha ukoo, mtu asiporidhika na uamuzi hupelekwa kwa nani? Kwa nini hatumrudishi kwa yule yule aliyemkatalia?

3. Ni maneno gani tunayoyatumia kuwaita wageni wapitao njia zetu? Tungependa mtoto wetu aitwe hivyo katika nchi ya watu?